Kuondoa sabuni kwenye maji ya dobi na ya kuoshea magari kwa shabu na chokaa

Maswali ni yale yale kila mara. Shabu niweke kiasi gani kwa pipa? Chokaa inaanza au inafuata? Mbona maji yameng'aa kama ya chupa, lakini ukiyatikisa bado yanatoa povu? Mwongozo huu ni wa mwenye dobi ndogo au sehemu ya kuoshea magari, anayetoa maji machafu kati ya lita 200 na 2,000 kwa siku na hana maabara.

Swali la kwanza lina jibu lisilopendwa: hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila pipa. Anayekutajia gramu kabla ya kuyaona maji yako anabahatisha. Kipimo utakipata mwenyewe kwa chupa sita na bomba la sindano, kazi ya saa moja na nusu hivi.

Kinachotokea ndani ya maji

Ukifua kwa sabuni ya mche na maji ya kisima cha chumvi, povu linagoma na utando mweupe unaganda kwenye beseni. Utando ule ni sabuni iliyokamatwa na ayoni za kalsiamu na magnesiamu zilizomo ndani ya maji, ikageuka kitu kisichoyeyuka. Mfuaji analalamika, lakini mwenye maji machafu ndicho anachokitaka.

Sabuni ya unga ni mkaidi zaidi. Kiini cha povu lake mara nyingi ni alkilibenzini salfoneti, ambayo haikamatwi na kalsiamu kirahisi kama sabuni ya mche. Tena ndani yake kumetiwa magadi, fosfati au zeolaiti, kazi yake ikiwa ni kuizuia kalsiamu isiharibu povu. Hapo ndipo tunahitaji alumini au chuma. Shabu ikiyeyuka kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi na magadi ya maji) inayofaa, alumini yake inaunda vibonge vyepesi kama pamba vyenye chaji chanya. Kiini cha povu kina chaji hasi, na uchafu mwingi wa nguo vilevile. Vinanata kwenye vibonge na kuzama navyo. Fosfati, ile inayorutubisha magugumaji ikifika ziwani, inaungana na alumini moja kwa moja na kuwa mashapo.

Sabuni nyingi za maji zina viini vya povu visivyo na chaji yoyote. Hivyo alumini haivioni. Dawa za kulainisha nguo zina chaji chanya, nazo zinasukumana na vibonge. Kama dobi yako inatumia hizo kwa wingi, shabu itakung'arishia maji bila kuondoa povu lote, na kichujio cha mkaa kitakuwa lazima.

Vitu vya kuandaa

Shabu. Zipo mbili, na watu wanazichanganya. Ile ya mapande yanayong'aa kama kioo, inayouzwa kwenye maduka ya viungo na kwa vinyozi, ni ya potasiamu, na alumini yake ni karibu asilimia 5.7. Ile ya mabamba au chengachenga nyeupe inayouzwa kwa ajili ya mitambo ya maji ni alumini salfeti, na alumini yake ni asilimia 8 hadi 9. Zote zinafanya kazi. Ila ukianza na moja ukahamia nyingine, kipimo chako cha zamani hakifai tena: ya mapande inahitajika kama mara moja na nusu ya ile ya mabamba.

Chokaa iliyozimwa, ya unga mkavu. Usitumie chokaa mbichi ya mawe. Ikiguswa na maji inachemka na kurusha matone yanayounguza macho.

Mapipa mawili ya plastiki ya lita 200, moja la kukusanyia na moja la kutibia. La kutibia toboa mahali pawili: bomba moja sm 25 kutoka chini, la kutolea maji safi, na jingine chini kabisa, la kutolea tope. Pipa la bati litaliwa na shabu.

Chupa sita zinazoonyesha ndani, za ukubwa mmoja, zinazoingia zaidi ya nusu lita. Bomba la sindano la ml 10, bila sindano yake. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Karatasi za kupimia pH za kuanzia 1 hadi 14. Usifanye kazi hii bila hizo. Ubao mwembamba wa kukorogea, rula, kipande cha chandarua cha kuchujia nyuzi, glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.

Onyo kabla hujagusa chochote

Usichanganye shabu na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, wala usiitie kwenye maji yaliyotoka kung'arishia nguo nyeupe muda huo huo. Shabu ina asidi, na asidi ikikutana na dawa hiyo inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Maji ya namna hiyo yaweke kando, wazi, hadi harufu ya klorini iishe kabisa, ndipo uyachanganye na mengine. Na fanya kazi nje au penye hewa.

Hatua

1. *Chuja na tenganisha.* Pitisha maji kwenye chandarua ili nyuzi na vifungo vibaki. Maji ya magari yaache yatulie saa moja mchanga uzame, kisha engua mafuta yanayoelea juu. Mafuta yakibaki yatakula shabu bure, na vibonge vitaelea badala ya kuzama.

2. *Changanya maji ya siku nzima.* Maji ya kufulia na ya kusuuzia yaingie pipa moja la kukusanyia. Ukitibu ya kufulia asubuhi na ya kusuuza mchana, kila moja litataka kipimo chake, nawe utashinda ukipima badala ya kufanya kazi.

3. *Pima pH ya maji machafu na uiandike.* Maji ya sabuni ya unga kwa kawaida yako kati ya 9 na 11. Usiyarekebishe sasa; shabu yenyewe itayashusha. Kosa la wengi liko hapa: wanatia chokaa kwanza kwa sababu waliona mtu fulani akifanya hivyo kwenye maji ya mto. Maji ya mto hayana magadi. Yako yanayo.

4. *Tengeneza maji ya shabu.* Ponda shabu, pima gramu 50, yeyusha kwenye maji ya vuguvugu kidogo, kisha ongeza maji safi hadi ifike lita moja kamili. Mapande makubwa yanaweza kuchukua nusu saa kuyeyuka, na yakibaki chini kipimo chote kitakuwa cha uongo. Tengeneza pia maziwa ya chokaa: gramu 10 za chokaa kwenye lita moja. Hayo hayayeyuki yote, kwa hiyo yatikise kila unapotaka kuvuta.

5. *Jaribio la chupa sita.* Koroga pipa la kukusanyia, kisha weka nusu lita ya maji machafu katika kila chupa. Ziandike namba. Chupa ya 1 usiitie kitu, ni ya kulinganishia. Kuanzia ya 2 hadi ya 6 weka ml 2, 4, 6, 8 na 10 za maji ya shabu.

Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo sababu ya kutumia gramu 50 na nusu lita: kila ml 1 ndani ya chupa ni sawa na gramu 20 za shabu kwa pipa la lita 200, au gramu 100 kwa tangi la lita 1,000. Chupa ya ml 6 ikishinda, pipa lako linataka gramu 120.

Tia shabu ya chupa moja kwa mkupuo, si tone kwa tone, na ukoroge haraka papo hapo kwa dakika moja. Alumini inaanza kufanya kazi ndani ya sekunde chache, na ikikaa sehemu moja inaganda peke yake bila kukutana na sabuni.

6. *Rekebisha pH ndani ya chupa.* Pima kila chupa. Unatafuta kati ya 6 na 7.5. Iliyoshuka chini ya 6, ongeza maziwa ya chokaa ml 1, koroga, pima tena. Ml 1 hapa ni gramu 4 za chokaa kwa pipa. Iliyobaki juu ya 8 iache kama ilivyo. Maana yake shabu bado ni kidogo, na chupa inayofuata itakuonyesha. Kama maji hayana magadi kabisa, gramu 20 za alumini salfeti zinaweza kudai hadi gramu 7 za chokaa, lakini kwa maji ya sabuni ya unga mara nyingi hutahitaji chokaa hata kidogo.

7. *Koroga polepole, kisha acha.* Dakika 15, mzunguko mmoja kila sekunde mbili, bila kurusha povu. Utaona maji ya kijivu yanaanza kukatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu: kwanza vumbi, kisha chembe, kisha vibonge ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na katikati yake maji yanayopitisha mwanga. Acha zitulie dakika 30 bila kuguswa.

8. *Chagua chupa kwa macho na kwa povu.* Weka chupa mbele ya karatasi yenye maandishi. Ile inayosomeka vizuri kwa shabu kidogo kuliko zote ndiyo ya kwanza kuifikiria. Kisha vuta maji ya juu kwa bomba la sindano, bila kugusa tope, ml 10 tu, changanya na maji safi ml 90 kwenye chupa yenye kifuniko. Tikisa mara 20, weka mezani, subiri dakika moja, pima urefu wa povu kwa rula. Fanya hivyo hivyo kwa chupa ya 1. Usiruke kuzimua: maji yenye sabuni nyingi yanajaza chupa kwa povu hata ukiwa umeshaondoa nusu yake, na utadhani umefeli.

Utagundua pia kwamba chupa yenye shabu nyingi kuliko zote si lazima iwe bora. Shabu ikizidi, uchafu unageuka chaji, unaanza kusukumana upya, na maji yanarudia ukungu. Ukiona ya 4 imeng'aa na ya 6 imechafuka, ndiyo hiyo.

9. *Hamia kwenye pipa.* Jaza pipa la kutibia lakini acha sm 15 juu. Magadi yaliyomo kwenye sabuni ya unga, jamii moja na yale yanayochimbwa Ziwa Magadi, yakikutana na asidi ya shabu yanatoa kabonidayoksaidi, na pipa lililojaa hadi ukingoni litakumwagikia miguuni. Yeyusha gramu ulizopata kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, mimina huku mwenzako akikoroga kwa nguvu dakika 2. Pima pH. Kama jaribio lilitaka chokaa, tia nusu ya kiasi chake kwanza, pima, kisha ongeza kidogo kidogo.

10. *Koroga polepole dakika 15 hadi 20, kisha funika na uache saa 2.* Pipa ni refu kuliko chupa, kwa hiyo dakika 30 hazitoshi. Usitumie pampu kulikorogea. Mapanga yake yanasaga vibonge na havitajiunga tena.

11. *Toa maji safi kwa bomba la juu, taratibu.* Ukiona yameanza kuwa na chembe, funga. Kilichobaki ni tope.

12. *Pitisha kwenye kichujio cha mchanga na mkaa.* Pipa lenye urefu wa zaidi ya sm 80: kokoto sm 10 chini, juu yake mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi na kuoshwa vumbi lote sm 40, juu kabisa mchanga ulioosheka sm 30. Mkaa wa kupikia unashika povu lililobaki, ingawa si kama mkaa ulioamilishwa wa kiwandani. Jaribio lile lile la kutikisa litakuambia lini umechoka: povu likianza kurudi kwenye maji yaliyochujwa, badilisha mkaa. Kuuosha hakusaidii.

Maji na tope viende wapi

Maji yaliyotoka yanafaa kuoshea sakafu, kumwagia choo, na kuondolea matope kwenye gari kabla ya kuliosha. Si ya kunywa wala kupikia, hata yakiwa meupe kiasi gani: sodiamu na salfeti vimebaki vyote, na vimelea hatujaviua. Kumwagilia bustani nako kuna hila yake, kwani sodiamu ikizidi udongo wa mfinyanzi unagandamana na maji hayapenyi. Kama unataka kuyatoa kwenye mfereji au mto, hakikisha kwanza pH iko kati ya 6.5 na 8.5 na uulize kibali. Anzia mamlaka ya mazingira au ya maji ya nchi yako. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 za kingo za mto, ziwa au bahari shughuli zozote zinazoweza kuharibu hifadhi ya kingo hizo. Ukiwa ndani ya mita hizo, shabu haitakutetea.

Tope la pipa moja linaweza kufika lita 10 hadi 20. Limwage juu ya kitanda cha mchanga chenye kingo, likauke juani siku kadhaa hadi lipasuke kama udongo wa bwawa. Povu na fosfati ulivyoviondoa viko humo, kwa hiyo ukilitupa mtoni umerudi ulikoanza. Tope la magari lina mafuta na metali za breki na injini, lisiwe mbolea kamwe. Lipeleke kwa wazoataka wenye leseni.

Shabu haipatikani?

Feri kloraidi, ambayo ni chumvi ya chuma, inafanya kazi hiyo hiyo, na vibonge vyake ni vizito, vinazama upesi na vinavumilia pH pana zaidi. Lakini inakula ngozi, inakula zege, na tone moja kwenye shuka la mteja ni doa la kutu lisilotoka. Kwa dobi siipendekezi. Kwa magari sawa. Kama unatumia sabuni ya mche peke yake, chokaa tupu inatosha mara nyingi: panda hadi pH 10.5 au 11, sabuni inaganda, sehemu kubwa ya fosfati inashuka, kisha kumbuka kurudisha pH chini kabla ya kuyatoa maji.

Mambo yakienda kombo

*Vibonge vinaelea.* Umekoroga ukaingiza hewa, au mafuta hayakuenguliwa, au gesi ya magadi bado inatoka. Piga ubao kidogo ukutani mwa pipa, vipovu vitoke. Vikiendelea kuelea viengue juu kwa chujio. Kazi imefanyika, mwelekeo tu ndio umegeuka.

*Maji ni ya maziwa, hakuna vibonge.* Pima pH kabla ya kuongeza kitu. Juu ya 8, ongeza shabu. Chini ya 5.5, ongeza chokaa. Ikiwa katikati, umekosea kiasi, ama kidogo ama kingi. Rudia chupa sita. Kumimina shabu zaidi kwa hasira ndiko kunakoharibu mapipa mengi.

*Yameng'aa lakini yana povu.* Viini visivyo na chaji, au sabuni ilikuwa nyingi mno tangu mwanzo. Usiongeze shabu. Peleka kwenye mkaa, kisha kagua upande wa kufulia: dobi wengi wanatia sabuni mara mbili ya inayohitajika, na kila kijiko kilichozidi unakilipia tena kwenye shabu.

*Jana ilifanya kazi, leo imekataa.* Sabuni imebadilishwa, au leo zimefuliwa shuka nyeupe tu, au shabu ni ya duka jingine. Fanya jaribio la chupa kila sabuni inapobadilika na angalau mara moja kwa wiki hata kama hakuna kilichobadilika.

*Vibonge vidogo sana, havizami hata baada ya saa tatu.* Kwa kawaida ni ukorogaji wa polepole uliokatizwa. Bakiza tope la pipa la jana, kama ndoo moja, ulitie kwenye la leo mwanzoni mwa kukoroga polepole. Vibonge vipya vinapata cha kushikamana nacho na kuwa vizito.

*Karatasi ya pH haieleweki rangi.* Maji yenye rangi ya nguo yanaipaka. Dondoshea tone moja upande wa nyuma wa karatasi, usome upande wa mbele.